Vidole Ndivyo Vinavyoamua: Kuteleza Mawimbini Kwenye Maji ya Baridi na Kupiga Picha kwa Filamu

Katika maji ya nyuzi 6 za Selsiasi, kinachoharibika kwanza si kamera wala filamu, ni vidole. Kifua kinaweza kubaki na joto ndani ya suti nzuri na miguu ikaendelea kupiga maji, huku mkono unaotakiwa kugeuza nobu ya lenzi umekufa ganzi, haujui umeishika au haujaishika. Kwa hiyo karibu kila ushauri ulio hapa chini unarudi kwenye kanuni moja: uamuzi wowote unaoweza kufanywa nchi kavu na mikono mikavu, ufanyike huko. Majini yabaki mawili tu, kukaa mahali panapostahili na kubonyeza.

Kazi hii ni ya watu wawili. Mmoja yuko juu ya ubao, mwingine anaogelea na mapezi miguuni na kamera mkononi, kisha wanabadilishana. Picha ni sababu moja. Sababu kubwa zaidi ni kwamba mtu anayepoa hajioni anavyopoa. Anayemwona ni mwenzake.

Baridi na suti

Maji huondoa joto mwilini takriban mara 25 kwa kasi zaidi kuliko hewa yenye nyuzi zile zile. Mwili unapozama ghafla kwenye maji ya baridi, mapafu huvuta pumzi kwa nguvu bila hiari yako, na pumzi hiyo ikikukuta chini ya wimbi utavuta maji. Usikimbilie ndani. Simama maji yakiwa kiunoni, lowesha uso na shingo, toa pumzi polepole kwa mdomo, na usianze kuogelea kupenya mawimbi mpaka pumzi itulie. Mara nyingi dakika moja hadi tatu zinatosha.

Gordon Giesbrecht, profesa wa Chuo Kikuu cha Manitoba nchini Kanada aliyetafiti kwa miaka mingi jinsi mwili unavyoitikia baridi, aliufupisha mwenendo huo kwa tarakimu tatu: 1-10-1. Dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 za kuweza kutumia mikono na miguu kwa kazi ya maana, saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa mwili kupoa. Hesabu hiyo ni ya mtu aliyetumbukia kwenye maji ya baridi kali bila suti. Suti hurefusha kila hatua, lakini haibadilishi mpangilio: pumzi kwanza, mikono inafuata, mwili mzima mwisho. Mpiga picha anaishi kwenye ile hatua ya katikati.

Kipimo chake ni rahisi. Gusisha kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono ule ule. Ukishindwa, muda wako umekwisha, hata kama kifua bado kina joto. Mwenzako naye aangalie dalili zisizojificha: maneno yanayoburuzika, kuchelewa kujibu, kukosa mawimbi aliyokuwa akiyadaka kirahisi, kupanda ubao kwa magoti badala ya kusimama. Mtu aliyekuwa akitetemeka akaacha ghafla ilhali bado yuko kwenye baridi hajapata nafuu. Tokeni wote wawili wakati huo huo.

Suti ya neopreni haikuletei ukavu. Kinachozuia joto kutoka ni vipovu vya gesi vilivyofungiwa ndani ya mpira wenyewe. Ndilo jambo alilolitambua mwanafizikia Hugh Bradner wa Chuo Kikuu cha California alipobuni suti ya namna hii mwanzoni mwa miaka ya 1950. Namba zinazoandikwa kwenye suti ni unene kwa milimita, ya kwanza kiwiliwili, inayofuata mikono na miguu. Kwa maji ya nyuzi 12 hadi 15, suti ya 4/3 inatosha wengi. Kwa 8 hadi 12, vaa 5/4 pamoja na kofia, viatu na glavu. Chini ya 8, nenda 6/5 yenye kofia iliyoshonwa pamoja na suti, viatu vya milimita 7 na glavu za milimita 5. Kwa mwenye kamera ningepanda ngazi moja ya unene kila mara, maana yeye huelea akisubiri huku mwenzake akipiga makasia kwa mikono na kujipasha joto.

Unene hausaidii suti isipokaa vizuri. Mahali pa kukagua ni kiunoni kwa nyuma, makwapani na nyuma ya magoti: penye mfuko wa hewa patajaa maji ya baridi kila unapozama, na kila kujaa ni kuanza upya kupasha joto maji mapya. Vaa viatu kwanza, kisha ushushe mguu wa suti juu yake. Vivyo hivyo mkono wa suti ukae juu ya glavu, maji yasipate mdomo wa kuingilia. Glavu ya pili haivaliki vizuri na mtu aliye peke yake, kwa hiyo mvalishane. Kabla ya hapo mimina ndani ya glavu maji ya uvuguvugu kutoka kwenye chupa ya chai au dumu lililofungwa blanketi. Yawe ya uvuguvugu tu, si ya moto. Hatua hiyo ndogo huvipa vidole dakika kadhaa za ziada, na kwa mwenye kamera dakika hizo ni picha.

Glavu za mpiga picha zinastahili kufikiriwa peke yake. Zile zenye sehemu tatu za vidole zina joto kuliko zenye vidole vitano lakini haziwezi kufyatua kamera kwa uhakika. Mimi ningemvalisha glavu ya milimita 3 mkono wa kulia, yenye vidole vitano, na ya milimita 5 mkono wa kushoto. Mkono wa kulia utapoa mapema, na huo ndio utakaoamua zamu imalizike lini. Katika maji ya nyuzi 5 hadi 8, zamu ya kamera isizidi dakika 40.

Kuna jambo moja la suti nene ambalo anayeanza huwa haambiwi: inakuelesha. Ukiwa na milimita 6 mwilini, kuzama chini ya wimbi ni kazi nzito, na ukichelewa utabebwa na povu ukiwa na kamera mkononi. Anza kuzama mapema kuliko ulivyozoea, kichwa chini, mapezi yakisukuma. Usijifunge uzito kiunoni ili uzame kirahisi. Mahali penye mawimbi yanayovunjika unahitaji kuelea kuliko unavyohitaji kuzama. Mapezi yawe makubwa kwa saizi moja ili yaingie juu ya viatu vya neopreni, na yafungwe kwa kamba kwenye vifundo vya miguu.

Kwa aliye kwenye ubao, suti nene na glavu huongeza uzito na kupunguza wepesi wa mabega, hivyo ubao wenye lita chache zaidi kuliko wa maji ya joto unasaidia. Nta iwe ile ya maji ya baridi, chini ya nyuzi 15. Nta ya maji ya joto hukakamaa na miguu inateleza. Wote wawili wazibe masikio au wavae kofia. Maji ya baridi na upepo kwa miaka mingi husababisha mfupa kuota ndani ya njia ya sikio mpaka iwe nyembamba, na tiba yake ni upasuaji.

Kamera

Kamera ya filamu iliyojengwa kwa ajili ya maji, isiyohitaji kasha, ni Nikonos. Asili yake ni Calypso, iliyobuniwa na Mbelgiji Jean de Wouters kwa ajili ya Jacques Cousteau, mpelelezi wa bahari Mfaransa. Nikon ikaichukua na kuitoa kwa jina la Nikonos mwaka 1963. Toleo la mwisho linalotumia lenzi zile zile ni Nikonos V la mwaka 1984, na utengenezaji wa Nikonos ulikoma mwaka 2001. Maana yake ni kwamba kila kamera unayoiona leo ni ya mtumba, na mpira ulio ndani yake una umri wake.

Kwa maji ya baridi kabisa ningechagua Nikonos III kabla ya V. III ni ya kimakanika tupu: haina betri, haina kipima mwanga, shata yake, pazia linaloruhusu mwanga kufikia filamu, inafika 1/500 ya sekunde. Wenzo mmoja mkubwa hufyatua na kusogeza filamu, na wenzo huo unapatikana hata kwa mkono uliokufa ganzi ndani ya glavu. V ina kipima mwanga na shata ya hadi 1/1000, lakini inategemea betri. Ukiwa na V, weka betri za silva oksaidi aina ya SR44 badala ya LR44 za alkalini, kwa sababu za alkalini hudhoofika haraka kwenye baridi. Betri zikikata, geuza nobu ya shata hadi M90. Hapo kamera hufyatua kimakanika kwa 1/90, na picha itakayofaa kwa kasi hiyo ni ya mwenzako akiwa ameketi juu ya ubao, si akiwa anateleza.

Lenzi ni ile ya 35mm f/2.5 (namba ya f ni ya tundu linalopitisha mwanga: ikiwa ndogo, tundu ni pana). Angalia sana hapa: lenzi za Nikonos za 28mm na 15mm zimetengenezwa kwa ajili ya chini ya maji tu, na zikitumika hewani picha haiwi kali. Ile ya 35mm inafanya kazi kote kuwili. Chini ya maji vitu huonekana karibu kuliko vilivyo, kwa robo ya umbali. Mwenzako akiwa mita 4 kutoka kwako wakati nyote mmezama, weka lenzi kwenye mita 3.

Kamera za plastiki za kutumia mara moja, zenye kasha la kuzuia maji na picha 27 za ISO 800 (ISO ni wepesi wa filamu kunasa mwanga), zina nafasi yake. Zina kasi moja tu ya shata, kwa hiyo kinachopita karibu kwa kasi huwa ukungu. Lakini ni nyepesi, na ikichukuliwa na wimbi hujapoteza kamera ya maana. Kwa siku ya kwanza ya kujifunza kuogelea na kitu mkononi ndiyo ningeanza nayo.

Oringi, pete za mpira zinazoziba maungio, ndizo zinazotenganisha kamera nzima na kamera iliyojaa chumvi. Toa oringi ya mwili wa kamera na ya lenzi kwa ukingo wa kadi ya plastiki, kamwe usitumie sindano wala bisibisi, kwa sababu mkwaruzo mdogo ndio njia ya maji. Ifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, ipitishe kati ya vidole ukitafuta unywele, mchanga au ufa, ipake grisi ya silikoni kiasi cha kung'aa tu. Grisi nyingi haizuii maji zaidi, hukusanya mchanga. Futa na mfereji ambamo oringi inakaa. Kwa kamera uliyoinunua karibuni, badilisha oringi zote unazoweza kuzifikia, na zile za ndani, za mhimili wa wenzo na za kifyatulio, mpelekee fundi. Kisha izamishe kwenye beseni bila filamu kwa dakika 10. Povu moja lililonasa kwenye pembe halina neno. Mnyororo wa vipovu unaotoka mahali pamoja ni uvujaji.

Kosa linaloharibu filamu nyingi kwenye baridi hutokea chumbani. Ukipakia filamu kwenye chumba chenye joto na mvuke, jikoni kwa mfano, unafungia hewa yenye unyevu ndani ya kamera. Ikiingia kwenye maji ya nyuzi 6, unyevu huo unatanda kama ukungu upande wa ndani wa kioo, na huwezi kuufuta. Pakia mahali pakavu na pa baridi kiasi, funga, usifungue tena. Wakati wa kurudi hesabu inageuka: kamera baridi ikiingizwa kwenye gari lenye joto hupata ukungu kwa nje. Itie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa kabla hujaingia ndani, na uiache humo mpaka ifikie joto la chumba. Saa moja au mbili.

Kuweka namba ukiwa ufukweni

Mtelezaji kwenye wimbi la kawaida huenda kama mita 6 kwa sekunde. Kutoka mita 4 hadi mita 2 mbele ya lenzi ni theluthi ya sekunde. Hakuna mkono, wenye joto au wa baridi, unaoweza kufuatilia fokasi, umbali ambao picha huwa kali, kwa kasi hiyo, na Nikonos haina njia ya kuhakiki fokasi, unakadiria umbali. Kinachobaki ni kuchagua eneo na kumngoja aingie ndani yake.

Kwa lenzi ya 35mm kwenye f/8, ukiweka fokasi mita 3, kila kilicho kati ya takriban mita 1.9 na mita 7 kitakuwa wazi. Ukiiweka mita 5, uwazi unaanzia mita 2.5 na kwenda mpaka upeo wa macho. Kwa f/5.6 fokasi ya mita 7 inatoa uwazi kuanzia kama mita 3.6. Kwa f/11, mita 3.7 inatosha kupata kila kitu kuanzia chini kidogo ya mita 2. Mimi napendelea f/8 na mita 3: ndio umbali ambao mtu anajaza picha na wimbi bado linaonekana. Lenzi yenyewe ina alama nyekundu zinazojisogeza kadiri unavyogeuza nobu ya tundu, zikionyesha eneo lililo wazi. Ukishaziweka, weka kipande cha tepu ya umeme juu ya nobu ya fokasi ili povu lisiigeuze.

Shata iwe 1/500 au zaidi. Hata hapo, mtu anayekwenda mita 6 kwa sekunde anasogea sentimita 1.2 shata ikiwa wazi. Akikukatisha mbele kwa upande, umbali wa mita 3, kusogea huko kunaonekana kwenye filamu. Akija akikuelekea, au kwa mshazari, hakuonekani. Kwa hiyo pembe unayokaa ina nguvu kuliko namba iliyoandikwa kwenye shata. Na akikupita kwa upande, zungusha mwili wako wote pamoja naye wakati unabonyeza.

Sasa mwanga. Kanuni ya zamani inasema jua likiwaka, tundu f/16 na shata sawa na ISO ya filamu. Kwa ISO 400 ni 1/500. Mawingu mepesi f/11, mawingu ya kawaida f/8, mawingu mazito f/5.6. Lakini kanuni hiyo inadhani jua liko juu. Mahali penye mawimbi ya maji ya baridi, wakati wa majira ya mawimbi mazuri, jua liko chini: Thurso kaskazini mwa Uskoti, Tofino upande wa magharibi wa Kanada, na zaidi ya yote Unstad katika visiwa vya Lofoten nchini Norwe, nyuzi 68 kaskazini, ambako jua halichomozi kabisa kuanzia mapema Desemba hadi mwanzoni mwa Januari. Ongeza mwanga kwa stopu moja hadi mbili (kila stopu ni mwanga mara mbili). Ghafla ISO 400 na 1/500 zinakuacha kwenye f/4, na lile eneo la uwazi la mita 3 limesinyaa.

Ndiyo maana filamu ya kasi haikwepeki. Kwa nyeusi na nyeupe, Ilford HP5 Plus ikipigwa kama 1600 na kusafishwa kwa muda mrefu zaidi inavumilia vizuri: kwenye dawa ya Ilfotec DD-X iliyochanganywa 1+4, nyuzi 20, ni dakika 9 kwa ISO 400, dakika 10 kwa 800 na dakika 13 kwa 1600. Gharama yake ni vivuli kuzama, na suti nyeusi ni kivuli kitupu, kwa hiyo usiisukume zaidi ya hapo bila lazima. Kwa rangi, Kodak Portra 800 kwa siku za mawingu, Portra 400 kukiwa na jua. Filamu ya slaidi ningeiacha nyumbani. Povu jeupe na suti nyeusi kwenye picha moja ni tofauti kubwa mno kwa filamu isiyosamehe hata nusu stopu, ilhali negativu ya rangi inavumilia mwanga wa ziada wa stopu mbili bila shida. Ukiwa na shaka, fungua tundu zaidi.

Usiliamini povu unapopima. Kipima mwanga kikijazwa weupe kinadhani kuna mwanga mwingi, kinafunga, na uso wa mwenzako unakuwa mweusi kama mkaa. Pima kwenye mwamba wa kijivu au mchanga uliolowa ulio kwenye mwanga ule ule, weka namba kwa mkono, kisha usiguse tena isipokuwa mawingu yamebadilika kabisa.

Ndani ya maji

Kamera ifungwe kwenye kifundo cha mkono kwa kamba yenye mnyumbuko. Unapopiga, inyooshe mbali na uso. Kamera ya chuma iliyo mbele ya mdomo wakati wimbi linakupiga huvunja meno. Vaa helmeti.

Makubaliano ya kwanza kati yenu ni mstari. Anayeteleza anashika mstari wake, halengi kamera wala haikwepi. Anayezama ni mpiga picha, siku zote. Wakikwepana wote wawili wataelekea upande mmoja, na mapezi ya ubao yanakata neopreni na nyama iliyo chini yake. Kaa upande wa bega la wimbi, mahali ambapo bado linaumuka, hatua chache mbele ya pale linapovunjika. Mwache aje, bonyeza akiwa mita 3, zama kupitia tumbo la wimbi. Kwa filamu inayosogezwa kwa mkono utapata picha moja ya maana kwa kila wimbi, pengine mbili. Picha 36 basi ni kama mawimbi 20, na huwezi kubadilisha filamu majini, kwa hiyo usizimalize kwenye kundi la kwanza la mawimbi.

Matone kwenye kioo ndiyo yanayoharibu picha nyingi kuliko fokasi. Kabla ya kuingia, temea mate kioo cha mbele, yasambaze kwa kidole, suuza. Ukiwa majini izamishe kamera sekunde moja kabla ya mwenzako kufika na uipige ikiwa imetoka tu, maji yakiwa bado yametanda kama utando mmoja. Hewa ikiwa chini ya sifuri, usiiweke kamera juu kati ya wimbi na wimbi. Maji ya bahari hayagandi mpaka yafike karibu nyuzi -1.8, lakini utando mwembamba kwenye kioo chenye upepo wa nyuzi -8 huganda mara moja. Ishikilie chini ya maji mpaka utakapoihitaji.

Ishara ziwe tatu, kubwa, za mkono mzima, kwa sababu kofia za neopreni huziba masikio: mkono juu ya kichwa ni “niko salama”; mikono miwili ikivukana ni “natoka”; mkono mmoja ukipungwa ni “njoo sasa hivi”. Kamba ya ubao ikikatika, au mkondo wa kurudi baharini ukimchukua mmoja, ubao uliobaki unabeba watu wawili. Kamera iache.

Mmoja akitaka kupiga kutoka ufukweni, lenzi ya 300mm kwenye miguu mitatu inafaa, pamoja na kamera ya kimakanika kama Nikon FM2, ambayo shata yake hufanya kazi kwa kasi zote bila betri. Canon AE-1 haifyatui kabisa betri ikifa, kwa hiyo beba ya akiba mfuko wa ndani, karibu na mwili. Lakini mkiwa wawili tu, mpiga picha wa ufukweni anamwacha mwenzake peke yake majini. Ningefanya hivyo siku ya mawimbi madogo tu, na penye watu wengine wanaoteleza.

Baada ya kutoka

Joto la ndani ya mwili huendelea kushuka kwa muda baada ya kutoka majini, damu ya baridi ya mikono na miguu ikirudi kifuani. Vua suti mahali pasipo na upepo, jifute, vaa kofia ya sufu kwanza na nguo kavu, kunywa kitu cha moto chenye sukari. Anayetetemeka sana asikimbilie maji ya moto ya bafuni akiwa amesimama, anaweza kuzimia. Asiendeshe gari mpaka kile kipimo cha kidole gumba kikubali.

Kamera, ikiwa bado imefungwa, ikae kwenye maji baridi yasiyo na chumvi kwa nusu saa, ukibonyeza wenzo mara kwa mara ikiwa imebaki picha. Ikauke nje kabisa. Irudishe filamu polepole: baridi hufanya filamu iwe ngumu na matundu ya pembeni yachanike, na kwenye hewa kavu ya chini ya sifuri mwendo wa haraka huzalisha cheche za umeme tuli zinazotokea kwenye negativu kama vijimizizi vya mwanga. Fungua kamera huku upande unaofunguka ukielekea chini ili tone lililojificha kwenye mfereji wa oringi lidondoke nje, si juu ya shata.

Ukisafiri kwa ndege, filamu iende na wewe ndani, na uombe ikaguliwe kwa mkono. Mashine mpya za ukaguzi za aina ya CT zinaweza kuharibu filamu kwa kupita mara moja tu, na filamu ya ISO 800 au iliyosukumwa ndiyo huumia zaidi.

Na kama maji yaliingia: usiifungue kamera juani ili ikauke. Filamu iliyolowa maji ya bahari ikikaukia kwenye gombo, tabaka zake hugandana na kuchanika zikifunguliwa. Ikiwa inaweza kurudishwa ndani ya kopo lake, irudishe, itie kwenye chombo kisichopitisha mwanga kilichojaa maji baridi safi, na uifikishe maabara siku hiyo hiyo. Waambie kabla hawajaipokea kwamba imelowa na ina chumvi, kwa sababu nyingi hazitaki filamu ya namna hiyo kwenye mashine. Lazima isafishwe kwa mkono, ndani ya tangi. Kamera yenyewe toa betri, toa lenzi, suuza yote kwa maji safi mara kadhaa bila kusubiri, na umpelekee fundi ikiwa bado mbichi.